Taa Nyekundu Nyuma ya Bidoni

Kitu cha kwanza ambacho Drocella alikiona kilikuwa taa ndogo kama punje ya mtama. Ilikuwa kwenye kisanduku cheupe kilichopachikwa ukutani, barazani mwa jikoni, usawa wa kifua chake. Asubuhi mapema ilikuwa ya kijani. Alipomaliza kuosha bidoni, yale madumu ya maziwa, na kuzipanga juu ya uchanja ili zikauke, ikawa nyekundu. Kesho yake ikaamka kijani tena, na saa tatu, bidoni zilipopanda uchanjani, ikawa nyekundu. Hakuna aliyemwuliza habari za taa hiyo, naye hakuwa mtu wa kusema asipoulizwa.

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Maana yake haina fumbo. Nyoka akiingia nyumbani huuawa kwa kile kilicho karibu na mkono, hata kiwe kijiti cha kuni. Ile fimbo nzuri iliyochongwa vizuri na kuachwa ng'ambo ya kilima haina faida siku hiyo. Papa Philippe aliijua methali hii tangu utoto wake kule Butembo. Lakini aliisikia kama mtu anavyosikia mvua ikinyesha kwenye paa la jirani.

Papa Philippe alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa na nyumba na duka Masisi, na malori yake yalishuka Walikale yakipeleka sabuni, chumvi na mabati. Siku nyingi hakuwa nyumbani. Aliyekuwa nyumbani ni mama yake, Koko Léontine, yaani Bibi Léontine, mwanamke wa miaka sabini na miwili, mwenye rozari shingoni na harufu ya maziwa mikononi. Nyuma ya ua kulikuwa na chumba cha mawe ambamo jibini zake, au fromaji kama wenyeji wanavyoziita, zilikaa juu ya mbao zikikomaa. Kila asubuhi Koko aliingia humo, akazigeuza moja moja na kuzipangusa kwa maji ya chumvi.

Drocella alikuwa msaidizi wake. Alitoka Kingi, ambako watu wake wamelima kilima kilekile tangu enzi za babu wa babu yake. Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipofariki na jembe likabaki bila mkono. Hakuwa mjinga, ila alikuwa na haya nyingi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mtu akimkatiza mara moja tu, hakurudia alichotaka kusema. Kazi yake ilikuwa kupokea maziwa yaliyoletwa kwa pikipiki kutoka vilimani, kuyachuja, kuwasha moto, na kuosha zile bidoni za aluminiamu mpaka zing'ae.

Mwaka huo Papa Philippe alishikwa na mapenzi ya vitu vinavyoongozwa kwa simu. Alianza na taa za barazani, zikafuata kamera, halafu kipimajoto cha chumba cha jibini. Alitaka akiwa Butembo au Goma aone nyumba yake kwenye kiganja cha mkono. Lakini wifi, iliyokuwa na nguvu sebuleni, ilipotoka uani ilichoka kama mgonjwa anayepanda kilima. Chumba cha jibini haikukifikia kabisa.

Koko Léontine alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wifi ya namna gani hii, haifike hata ku jikoni? Mawifi zangu mimi, bote walifika jikoni, na bugali walisonga!"

Papa Philippe hakucheka. Alimwita fundi kutoka Goma, kijana mmoja mwenye miwani ya jua aitwaye Guy. Guy alileta kile kisanduku cheupe. Alikiita repeteri. Kazi yake, alisema, ni kuipokea wifi kutoka nyumba kubwa, kuipa nguvu mpya, na kuisukuma mbele mpaka chumba cha jibini. Alikichomeka palipokuwa na soketi, barazani mwa jikoni, mbele ya uchanja. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Guy alikwenda mpaka mlango wa chumba cha jibini, akatazama simu yake, akainua kidole gumba.

"Inapita, Papa! Hata kuku wako sasa wanaweza kuangalia filamu."

Walicheka, wakanywa bia. Hakuna aliyeangalia uchanja. Siku ya Jumapili Koko Léontine hakupokea maziwa, kwa kuwa ni siku ya Bwana, kwa hiyo bidoni zililala stoo na uchanja ulikuwa mtupu.

Jumatatu, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, kamera ya chumba cha jibini ililala. Jumanne ikawa hivyo, na Jumatano pia. Papa Philippe akampigia Guy simu kwa ukali. Guy akarudi Jumapili iliyofuata na repeteri nyingine, kubwa zaidi, yenye antena nne zilizosimama kama pembe. Akaichomeka palepale penye soketi. Akaipima, ikapita. Jumatatu saa tatu ikalala kama dada yake.

Siku hiyo Drocella alifanya jambo dogo. Alishusha bidoni moja, akaangalia taa. Nyekundu. Akashusha ya pili. Nyekundu bado. Aliposhusha ya tatu, ile iliyokuwa imesimama kati ya kisanduku na dirisha la sebule, taa ikapepesa na kuwa kijani. Akairudisha bidoni ya tatu. Nyekundu. Moyo wake ulidunda kama wa mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na hajui amkabidhi nani.

Guy alipokuja mara ya tatu, Drocella alijikaza, akamsogelea akiwa amekunja mikono ndani ya kitenge.

"Kaka Guy, ile kitu ingepanda juu kidogo, karibu na bati. Bidoni njo zinaifunika."

Guy alivua miwani. "Dada, ulisoma umeme?"

"Hapana."

"Uliishia ya ngapi?"

"Ya ine."

"Ya ine ya sekondari?"

"Ya primeri."

Guy aligeuka akimtafuta mtu wa kucheka naye, na kwa kuwa hakumwona, alicheka peke yake. "Kumbe injeniya iko hapa ku bidoni, na sisi tunahangaika na barabara ya Goma! Dada, wifi haipite kama maziwa. Hakuna bidoni inaweza kuifunika."

Drocella alirudi jikoni. Uso ulimwaka kama aliyekaa karibu na tanuru. Jioni hiyo Guy, ambaye hakuweza kumwambia tajiri wake kwamba hajui, alimwambia jambo jingine.

"Papa, repeteri haina kosa. Muntu njo anaichomoa."

Neno moja kama hilo linatosha kuunguza nyumba. Asubuhi iliyofuata, Papa Philippe alimwita Drocella katikati ya ua, mbele ya watu waliokuwa wakiteremsha maziwa kwenye pikipiki.

"Saa tatu kamera inalala. Saa nane inaamuka. Saa hizo nani iko hapa?"

"Miye, Papa."

"Wewe! Unalalisha kamera, halafu fromaji zangu zinaruka ukuta?"

"Papa, bidoni..."

"Bidoni nini? Ninakuuliza kamera, unanijibu bidoni!"

Watu wa maziwa walicheka. Mmoja akasema, "Labda bidoni njo zinakula fromaji." Wakazidi kucheka. Koko Léontine alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Philippe, hakuna fromaji hata moja imepotea. Muulize mutoto vizuri, na umuache amalize kusema."

"Mama, wewe muntu akikuchekea tu, tayari umemuamini."

Drocella alisimama kama kuku aliyenyeshewa. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani, yamepangana sawasawa, lakini mlango wa kinywa ulikataa kufunguka. Habari ilipanda vilima kwa pikipiki zilezile za maziwa. Baada ya siku mbili ilifika Kingi, na mama yake akamtumia ujumbe wa maneno mawili tu: "Ni kweli?" Drocella aliusoma mara nyingi. Hakumkasirikia mama yake. Alimkasirikia Guy, alimkasirikia Papa Philippe, na zaidi ya wote aliukasirikia ulimi wake mwenyewe.

Papa Philippe hakumfukuza. Alitaka kumkamata. Kwanza aliziba kidirisha cha chumba cha jibini kwa kipande cha bati, ili jibini zisipitishwe hapo. Kisha, Jumapili, Guy akaja na kufuli la umeme linalofunguliwa kwa simu. Mlango ulikuwa ukijifunga wenyewe, na ukiachwa wazi kufuli lilipiga kelele kama mbuzi aliyebanwa.

"Na upande wa ndani, Papa?" Guy aliuliza. "Kwa kawaida ndani kunakuwa kibonyezo cha kutokea."

"Kitoe. Mwizi akiingia, abakie mule kama panya mutegoni mpaka nimuone."

Guy akakitoa. Papa Philippe akabadilisha neno la siri, akawa analijua peke yake. Ufunguo wa chuma uliokuja pamoja na kufuli akautia kwenye mfuko wa koti lake. Jumatatu yeye mwenyewe alimfungulia mama yake, akiwa amesimama mlangoni na simu mkononi, akitabasamu. Jioni ile aliondoka na lori kwenda Walikale.

Jumanne saa mbili asubuhi simu ya Drocella ililia.

"Alo! Niko Ntoto. Hapa njo mwisho wa mtandao, mbele ni pori tu mpaka jioni. Mama iko tayari? Ninafungua sasa. Saa ine kamili mulango utajifungua wenyewe, nimeshaipanga ku telefone, wifi ya nyumba itauambia hata kama miye sipatikani."

Kufuli lilitoa mlio, mlango ukalegea. Repeteri ilikuwa kijani. Drocella aliitazama.

"Papa, ile taa..."

"Taa gani tena?"

"Ya repeteri. Saa ya bidoni inakuwa nyekundu. Mulango utasikia namna gani?"

"Drocella! Kazi yako ni nini?"

"Bidoni, Papa."

"Basi osha bidoni, na leo usichomoe kitu. Saa tatu ziwe ku uchanja kama siku zote. Nikirudi nitaangalia ku kamera. Taa ni kazi ya Guy."

Simu ikakatika.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito na baridi ilipenya mifupa. Koko Léontine alivua ndala zake nje ya mlango, kama alivyofanya siku zote, akavaa viatu safi vya ndani. Mkononi alibeba mbabula, lile jiko dogo la mkaa, mkaa ukiwa umewaka vizuri.

"Magoti yananilia," alisema. "Na fromaji pia hazipendi baridi hii."

"Koko, niweke jiwe ku mulango?"

"Ili ile kitu ilie mpaka masikio yangu yapasuke? Achia, mutoto wangu. Mpaka saa ine nitakuwa nimemaliza fromaji, na rozari mbili juu yake."

Mlango ukajifunga nyuma yake.

Saa tatu Drocella alipanga bidoni uchanjani, kwa sababu aliamriwa. Taa ikawa nyekundu mbele ya macho yake. Alijiambia kwamba kabla ya saa nne atazishusha zote, hata kama atatukanwa. Lakini saa tatu na nusu mbingu ilipasuka juu ya Masisi. Mvua ilikuja kwa upepo, ikapiga mabati kwa kishindo, mtu asiweze kusikia hata sauti yake mwenyewe. Vitambaa vya kukamulia jibini vilikuwa kwenye kamba, na maharagwe ya Koko yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Drocella alikimbia huku na huku akiokoa kimoja baada ya kingine, akiteleza kwenye tope, akiyakusanya maharagwe yaliyoanza kuelea.

Mvua ilipopungua, aliangalia simu yake. Saa nne na dakika kumi na mbili. Taa ilikuwa nyekundu.

Akageuka kuangalia chumba cha jibini. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndala za Koko zilikuwa palepale nje, zimejaa maji ya mvua.

"Koko!"

Kimya.

"Koko Léontine!"

Alitega sikio kwenye mbao. Chini kabisa, karibu na kizingiti, kitu kilikwaruza. Kikaacha. Kikakwaruza tena.

"Mutoto... kichwa..." Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Hewa..."

Drocella alielewa. Mkaa ndani ya chumba cha mawe, na kidirisha kilichopitisha hewa siku zote kimezibwa kwa bati; asubuhi hakuna aliyelikumbuka bati hilo. Kila mtu wa vilima anajua kwamba mkaa ukifungiwa na mtu, mmoja lazima azimike. Alirukia uchanja, akazisukuma bidoni zote kwa mkono mmoja, zikaanguka na kubingirika uani kama ngoma za harusi. Taa ikapepesa. Kijani. Alikimbilia mlango, akavuta. Mlango ulikuwa bubu. Saa nne ilikuwa imekwisha pita, na amri iliyotumwa kwa saa nne ilikuwa imegonga kwenye bidoni na kufa.

Akapiga simu ya Papa Philippe. Mwanamke wa mashine akamwambia kwa upole kwamba mtu huyo hapatikani. Akapiga tena. Mwanamke yule akarudia kwa upole uleule. Akampigia Guy.

"Kaka Guy, fungua mulango! Koko iko ndani na mbabula, anakufa!"

"Miye? Papa alibadilisha neno ya siri, sinayo. Piga Papa."

"Iko ku pori! Hapatikani!"

"Basi ungojee. Lakini usiguse ile kufuli, dada, unasikia? Ile si kufuli ya soko."

Drocella alikata simu. Chini ya paa la jikoni alikuwa amesimama Papa Damascène, mmoja wa watu wa maziwa, aliyejikinga mvua akingoja bidoni zake. Ndiye aliyesema siku ile kwamba bidoni zinakula jibini. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana.

"Papa Damascène, saidia! Tuvunje!"

Damascène alitazama kamera iliyokuwa juu ya mlango. Akarudi nyuma hatua moja.

"Miye nivunje mulango ya tajiri? Na ile jicho inaniona? Kesho nitapeleka maziwa wapi? Tumungojee mwenyewe."

"Mwenyewe iko Walikale!"

"Njo maana ninasema tumungojee."

Shoka la kuni lilikuwa pembeni mwa jiko. Drocella alilichukua. Alisimama mbele ya mlango, na jicho la kamera likamtazama, na chini ya mbao kile kitu kikakwaruza. Halafu kikaacha.

Ndipo alipopiga. Hakupiga kufuli, maana lilikuwa la chuma. Alipiga ubavu wa pili, kwenye bawaba, mahali ambapo mbao ilishika mawe. Alipiga kama mtu anayepasua kisiki cha mkaratusi, na kila pigo lilitoka na sauti ambayo hakuwahi kujua kwamba anayo. Pigo la saba, bawaba ya juu iling'oka. La kumi na moja, mlango ukainama kama mlevi, akauvuta na kuuangusha nje. Joto zito lilimpiga usoni. Koko Léontine alikuwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti, kucha zake zimejaa vipande vya mbao.

Alimkamata kwapani, akamburuta mpaka kwenye tope, chini ya manyunyu. Uso wa Koko ulikuwa na rangi ya jivu. Drocella alimpigapiga mashavu, akamwita kwa jina lake lote. Baada ya muda ambao hakuweza kuupima, Koko alitapika na kuvuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo.

Damascène alikuwa tayari amewasha pikipiki. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Mupandishe," alisema. "Dada, munisamehe. Mupandishe, twende."

Walimweka Koko katikati yao kama gunia la maharagwe. Hospitalini walimwekea hewa puani. Mwuguzi mmoja, mama mnene mwenye sauti kavu, alimwambia Drocella, "Mungechelewa kidogo, leo tungekuwa tunaimba kilioni." Drocella alikuwa akitazama mikono yake. Ilikuwa na malengelenge.

Papa Philippe alirudi Jumatano mchana. Jioni ya Jumanne, alipotoka porini na kupata mtandao, simu yake ilikuwa imelia mfululizo. Kamera, ambayo bidoni zilipoanguka ilipata macho, ilikuwa imerekodi kila kitu. Alifungua picha, akaona msichana mwenye shoka akivunja mlango wake. Hakuhitaji kuona zaidi. Alipiga simu ya Drocella, lakini ilikuwa imelowa na kufa. Alipiga ya mama yake, nayo ililia peke yake kitandani kwake. Aliendesha lori kwa hasira, matope yakiruka mpaka kwenye kioo.

Alimkuta Drocella uani, akikunja kitenge cha kumpelekea Koko hospitalini. Damascène alikuwa kwenye pikipiki, akimngoja.

"Mwizi!" Papa Philippe alipaza sauti kabla hajafunga mlango wa lori. "Leo nimekukamata! Ulifikiri kamera imelala? Iko hapa, ndani ya telefone! Wewe na shoka yako!"

Majirani walianza kukusanyika penye lango. Aliinua simu juu ili waione.

"Papa..." Damascène alianza.

"Nyamaza! Na wewe ninakuona hapa, umesimama tu! Munashirikiana!"

Alimjia Drocella na mkono uliokwisha inuliwa. Drocella hakurudi nyuma. Siku zote alirudi nyuma, lakini siku hiyo miguu yake ilikataa.

"Papa, hiyo picha haijaisha," alisema. "Iangalie mpaka mwisho."

Ilikuwa sauti ndogo ileile, lakini haikutetemeka. Papa Philippe alishusha mkono, labda kwa mshangao tu. Akabonyeza simu. Kutoka kwenye simu yalisikika mapigo ya shoka, pigo kwa pigo, kisha kishindo cha mlango. Kisha Papa Philippe akaona mgongo wa Drocella ukitoka kinyumenyume, na mikono miwili iliyolegea, na rozari ikiburutwa kwenye tope.

Alishusha simu.

"Mama iko wapi?"

"Hospitalini," alisema Damascène. "Anapumua. Huyu njo alimutoa. Miye nilikataa."

Papa Philippe alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Akafuta uso, akatafuta mahali pa kuutua mzigo wake.

"Ni Guy," alisema. "Guy aliniambia muntu anachomoa. Nitamuleta mwingine, wa Kampala. Anatia repeteri ya nguvu kabisa, inafika mpaka barabarani..."

Drocella alitembea mpaka katikati ya ua, akaokota bidoni moja iliyokuwa bado na tope la jana, akaiweka juu ya uchanja. Akaweka ya pili. Akaweka ya tatu, kati ya kisanduku na dirisha la sebule. Akaelekeza kidole.

Taa ikapepesa, ikawa nyekundu. Mkononi mwa Papa Philippe picha ya ua iliganda, kisha ikawa nyeusi.

Akaitoa bidoni ya tatu. Kijani. Akairudisha. Nyekundu.

Penye lango hakuna aliyecheka.

"Wiki zote hizi?" Papa Philippe alinong'ona. "Bidoni tu? Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo kinywa cha Drocella kilipofunguka, na yale yaliyokuwa yamepangana humo yakatoka, moja baada ya jingine.

"Nilisema kwa Guy, akacheka. Nilisema kwako mbele ya watu wa maziwa, wakacheka. Nilisema jana saa mbili, ukaniambia nioshe bidoni. Sikuchomoa kitu, Papa Philippe. Sikuiba hata kipande, na wewe njo utatuma watu waende Kingi kumuambia mama yangu hivyo. Lakini iko neno moja sijaambia muntu, hata Koko, hata padri. Jana nilikuwa na shoka mukononi, na mama yako alikuwa anakwaruza mulango wako kama panya mutegoni, na miye nilisimama. Sikupiga. Nilisimama mpaka akaacha kukwaruza. Nilikuogopa wewe uliye mbali, kuliko nilivyoogopa kifo kilichokuwa hapa ku miguu yangu. Kama angekufa, angekufa ndani ya zile dakika. Nusu ya kosa ni yangu, na nitaibeba. Nusu ni yako. Ulirefusha mukono wako mpaka Ntoto, ukanikataza kutumia wangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka."